Kondoo Juu ya Paa la Gichuru

Lemein hakuja Kajiado kusikiliza habari za wakimbizi. Alitoka Bisil alfajiri kuja mnadani kuuza kondoo, akawauza wote isipokuwa jike mmoja mwekundu, mnene, mwenye mkia kama mto wa kulalia. Wanunuzi walimtajia bei ya kondoo mmoja, naye alijua tumboni kuna mwingine. Akakataa, akaondoka na kondoo wake kwa kamba, akitafuta kivuli.

Karibu na ofisi za kaunti aliona hema jeupe, viti vya plastiki na kreti za soda. Akaingia. Safu ya mbele ilikuwa tupu, maana ndivyo ilivyo katika mikutano, akaketi hapo na kumlaza kondoo miguuni pake. Watu wa shirika lililoandaa shughuli walidhani ni mmoja wa wazee walioalikwa kuwawakilisha wenyeji. Wakampa kofia na chupa ya maji.

Ilikuwa Siku ya Wakimbizi. Shirika hilo lilikuwa likisaidia watu Kakuma na Dadaab, na siku hizi pia wale waliohamia mijini, na lilikuwa limewaleta wachache kutoka Kitengela watoe ushuhuda. Wa kwanza kuitwa alikuwa Nabintu, mama wa makamo kutoka vijiji vya Bukavu, ambaye alikaa Kakuma miaka mingi kabla ya macho ya mama yake kuharibika na wote wawili kuruhusiwa kutoka kambini kwa matibabu. Sasa walikuwa wamepanga chumba Kitengela, na Nabintu alikuwa akitembeza vitenge mlango hadi mlango.

Nabintu alikuwa mzoefu wa hotuba kama hizi. Kule kambini kila mgeni aliyeshuka kutoka garini ilibidi ashukuriwe, na kwa kuwa yeye alikuwa na sauti nzuri, alichaguliwa kila mara. Melvin, afisa wa shirika, alimkumbusha mpangilio: jina lako, ulikotoka, msaada uliopata, asante. Nabintu akasimama, akasema jina, akasema alikotoka, halafu akatazama mbele yake akaona kondoo akicheua.

Mpangilio wote ukamtoka kichwani. Akaanza kusimulia kondoo na mbuzi wa mama yake, jinsi walivyokimbia asubuhi bila kupata nafasi ya kuwafungua kamba, na jinsi mama yake mpaka leo huuliza ni nani aliyewafungua. Melvin alimwonyesha saa. Nabintu hakuiona. Alipomaliza alikuwa amesahau kabisa kutoa asante, na kondoo alikuwa bado akicheua.

Soda zilipoanza kugawiwa na spika kufunguliwa muziki, Lemein alimwendea, akamsalimu kwa Kimaasai kama mwanamke anavyosalimiwa.

“Takwenya.”

Nabintu hakujua Kimaasai hata neno moja. Kwa kelele zile alidhani mzee anauliza kama soda bado iko. Akatazama kreti.

“Iko,” akasema.

Kwa bahati, au kwa mpango wa Mungu, hilo ndilo jibu lenyewe hasa la salamu ile. Lemein alisimama kidogo akimtazama. Kisha akaomba kipaza sauti, na kwa kuwa Melvin bado aliamini kwamba mzee yumo kwenye ratiba, alipewa. Akawaambia watu kwamba yeye ameishi na majirani kutoka kila pembe ya Kenya, wengine wamejenga juu ya ardhi ya baba yake, na hawajui kumwamkia. Huyu mama ametoka Kongo na amejibu bila kukosea.

“Mimi niko na kondoo moja imebaki,” akasema. “Sasa ni yake.”

Akamwekea Nabintu kamba mkononi. Akamweleza kwamba kwa Wamaasai ukimpa mtu kondoo, kuanzia siku hiyo hamwitani tena majina yenu. Kondoo ni enker. Basi kila mmoja atamwita mwenzake Paker, aliyetoa na aliyepewa, hakuna tofauti. Na kulikuwa na sharti moja: kondoo huyu si wa nyama. Ni wa kuzaa.

Watu walipiga makofi. Melvin alimnong'oneza Nabintu kwamba taratibu za shirika hazina mahali pa kondoo, lakini mpiga picha alikuwa ameshapiga picha, na mkubwa wa shirika alikuwa ameshasema hii ndiyo picha bora ya siku nzima. Ikawa kondoo asafirishwe.

Mnyama hasafirishwi bila kibali, kwa hiyo Melvin alikwenda kukitafuta. Kibali kilitoka kabla chai ya Nabintu haijapoa. Nabintu alikishika, akakigeuza huku na huku. Chake yeye cha kutoka kambini alikingoja mpaka nguo alizokuwa amezitenga kwa safari zikapauka. Akampangusa kondoo vumbi usoni, kwa heshima.

Mwololo, dereva wa shirika, alitandika bango la sherehe nyuma ya Land Cruiser ili gari lisichafuke. Walipofika Isinya kondoo alikuwa ameshakunya juu ya maneno yote, kuanzia Utu mpaka Heshima.

Jengo walimoishi Nabintu na mama yake lilikuwa la Gichuru, mzee aliyetajirika kwa biashara ya viazi kisha akajenga ghorofa Kitengela. Nabintu alikaa ghorofa ya tatu. Kondoo alizitazama ngazi, akakataa. Mwololo akambeba mabegani kama shujaa anayetoka vitani, akihema na kulaani kazi za misaada. Mlangoni walikutana na Munguti, msimamizi wa jengo, Mkamba mpole aliyependa mambo yaende bila maneno mengi. Akauliza ni nini hicho. Nabintu akamwambia ukweli, kwamba ni msaada.

Munguti alikuwa amewahi kuona misaada. Aliwahi kuona unga, blanketi, mafuta ya kupikia. Hakuwahi kuona msaada unaogeuza shingo na kumtazama. Akasema kondoo alale usiku huo mmoja tu, na iwe juu, pale paani pa kuanikia nguo, si chumbani. Asubuhi atafutiwe mahali.

Asubuhi hakutafutiwa mahali, na sababu ilikuwa mama yake Nabintu. Tangu watoke kambini, yule bibi alikuwa akishinda ameketi kitandani, uso umeelekea ukutani. Madaktari walikuwa wamemrudishia jicho moja, lakini alisema hapa hakuna cha kutazama. Kakuma angalau kulikuwa na foleni ya maji, na wenzake wa kugombana nao. Hapa maji hutoka ukutani, na majirani hufunga milango. Siku hiyo Nabintu aliamka akakuta kitanda kitupu. Alimtafuta chooni, koridoni, mpaka chini getini. Alimpata juu ya paa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamchambua kondoo kupe huku akimsimulia jambo refu kwa Kimashi, lugha ya kwao. Kondoo alisikiliza vizuri.

Nabintu alishuka akamwambia Munguti kwamba kama kondoo anatoka, yeye Munguti ndiye atakayepanda kumweleza mama. Munguti alipanda, akatazama kidogo kutoka mlangoni, akateremka. Akasema hajaona kondoo yeyote.

Wapangaji wengine walimwona na walifurahi sana, kwa sababu hakuna aliyedhani kondoo anaweza kuwa na kazi nyingine zaidi ya kuliwa Jumapili. Walimuuliza Nabintu siku ni lini. Waceke, mama wa ghorofa ya pili aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake, alijitolea kuleta makaa na kutengeneza kachumbari. Nabintu akajaribu kueleza habari za Paker na sharti la kuzaa. Waceke alimjibu kwamba sharti ni sharti, lakini kondoo naye ni kondoo.

Zaidi ya hapo kulikuwa na simu. Lemein alipiga kila asubuhi akiwa malishoni. Hakuuliza habari za kazi wala za watoto. Aliuliza, “Paker, amekula?” Akishajibiwa, aliomba simu iwekwe sikioni mwa kondoo, kisha akapiga mluzi. Melvin naye alipiga, maana ile picha ilikuwa imewafurahisha wafadhili na sasa walitaka kujua mradi unaendeleaje. Aliuliza ni watu wangapi wamefaidika na kondoo. Nabintu alifikiri, akasema mpaka sasa ni mama yake. Melvin akauliza kama hakuna namna ya kuongeza.

Alikuwa na bahati kwamba hakuuliza walioathirika. Jumamosi moja Waceke alianika sketi yake ya kwaya, ya samawati, yenye marinda. Kamba ya nguo ilikuwa chini kidogo, na majani aliyookota Nabintu kando ya barabara siku hiyo yalikuwa machache. Waceke alipopanda kuitoa alikuta mshipi wa kiunoni na marinda mawili. Hakupiga kelele. Alishuka na mabaki yake mkononi, akayaonyesha kila mlango, kisha akampigia Gichuru.

Gichuru alifika siku iliyofuata baada ya kanisa, na suti yake, na tai. Alimuuliza Munguti kuna nini juu. Munguti akasema juu kuna paa. Gichuru akapanda ghorofa zote akipumzika kila mahali ngazi zinapogeukia, huku akiipanga hotuba: hili ni jengo, si boma, kila mtu angeleta mifugo yake tungekuwa wapi, mpaka jioni nisimwone. Nabintu alimfuata nyuma, simu iko sikioni, maana Lemein alikuwa amepiga muda huohuo.

Walipofungua mlango wa paa, hotuba haikupata pa kuanzia. Kondoo alikuwa amelala ubavu, anakoroma kwa uchungu. Mama yake Nabintu amepiga magoti nyuma yake, mikono imelowa, shanga zimemrukia begani. Aliinua kichwa akaona mwanamume mwenye nguvu, na kwake yeye hilo lilitosha. Alimwambia jambo kwa Kimashi, kwa ukali, na kuonyesha mahali pa kushika.

Gichuru alizaliwa Murang'a katika nyumba ambamo kondoo walilala ndani na watu. Mikono yake ilikumbuka kabla yeye hajaamua. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ndoo, akapiga magoti na suruali yake ya kanisani.

“Mguu umerudi nyuma,” akasema.

Nabintu akamwambia Lemein kwenye simu kwamba mguu umerudi nyuma. Lemein akapaza sauti kutoka Bisil kwamba wasivute, wausukume kwanza ndani. Nabintu akamtafsiria mama yake. Mama yake akajibu kwamba yeye alikuwa akizalisha kondoo kabla mwanamume huyo wa kwenye simu hajaota meno. Nabintu hakulitafsiri hilo. Gichuru alikuwa anaomba kwa Kikuyu, Lemein anampigia kondoo mluzi, bibi anaimba kitu, na Munguti, aliyekuwa amepanda kushuhudia kufukuzwa kwake kazi, alijikuta ameshikilia tai ya tajiri wake isiingie kazini.

Mwanakondoo alitoka, mwekundu, ameloa, akalala bila kutikisika. Bibi akamfuta pua, akampulizia puani, akampiga ubavuni mara moja kama anayebisha hodi. Mwanakondoo akapiga chafya. Kwenye simu Lemein aliuliza dume au jike. Gichuru ndiye aliyeitazama simu na kujibu, “Dume.” Kisha akakaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono ambao haukufaa kufutia macho.

Nabintu alimletea maji ya moto na sabuni. Alikuwa na hofu, alijua mtu akishacheka hukumbuka alichokuja kufanya. Gichuru alinawa polepole. Alisema sheria za jengo haziwezi kubadilika, na kwamba hapa juu si mahali pa kulea mtoto, upepo ni mwingi. Halafu akasema ana ploti upande wa kule nyikani, haijajengwa, imejaa nyasi, na kila mara anatafuta mtu wa kuifyeka. Kondoo wanaweza kukaa huko. Kuna kibanda cha mabati kilichoachwa na mafundi.

“Na huyu mama awe anakuja kuwaangalia,” akaongeza, akimwonyesha bibi. “Mimi nitampitia na gari. Nitakuwa napita huko.”

Waceke alilipwa sketi yake kwa kitenge. Nabintu alimchagulia cha samawati chenye ndege, akakishona mwenyewe, marinda yote. Waceke alikivaa kanisani bado amenuna, na alirudi na oda ya kwaya nzima. Tangu hapo aliwaambia watu kwamba yeye na kondoo wana historia.

Halafu mvua zikakataa. Upande wa Bisil nyasi ziliisha, zikaisha hata zile kavu ambazo ng'ombe hula kwa kukosa la kufanya. Mizoga ikaonekana kando ya barabara ya Namanga. Lemein alipiga simu bado, lakini mluzi ukawa mfupi, na siku moja hakupiga kabisa. Siku ya pili yake Nabintu alikwenda kwenye ploti na mama yake, wakamkuta amesimama nje ya uzio, amejifunga shuka, na nyuma yake ng'ombe waliobaki na kondoo wachache, mbavu zote nje. Alikuwa ametembea nao kutoka kwao. Alisema anapita tu.

“Unapita kwenda wapi?” Nabintu akauliza.

Lemein akawageukia ng'ombe wake. Mama yake Nabintu akafungua kigeti.

Gichuru alipata habari akaja mbio, kwa sababu kumwona Mmaasai na ng'ombe kwenye ploti yake kulimtia wasiwasi ambao hakutaka kuueleza. Alikuta Lemein amekaa juu ya tofali anakunywa uji wa Nabintu. Lemein alimtambua kwa sauti. Akamshukuru kwa ule mguu uliorudi nyuma. Wakaongea juu ya kondoo mpaka jua likashuka, na Gichuru akasahau kuuliza ng'ombe watakaa mpaka lini. Munguti alimpa Lemein godoro katika chumba chake. Nabintu akapika kwa watu wanne badala ya wawili, na hakuona kazi, kwa maana kambini alikuwa amezoea kupika kwa yeyote aliyefika jana yake.

Shirika la Melvin nalo lilikuwa limegeukia ukame. Siku ikatangazwa ya kugawa unga na blanketi kwa wafugaji waliohamia pembeni mwa mji. Lemein alisema haendi. Hajawahi kunyoosha mkono kwa mtu, na uzee wake hautaanzia hapo. Nabintu alimwacha aseme yote. Kisha akamwambia kwamba yeye amenyoosha mkono kwa miaka mingi na bado uko, aangalie. Kupokea kuna ujuzi wake, na kama anataka atamfundisha.

Wakiwa njiani alimfundisha. Gunia unalishika kwa mikono miwili, maandishi yatazame mbele. Simama upande wa jua ili picha itoke. Sema asante kabla hawajamaliza kusema karibu. Usiulize kilichomo. Lemein alisikiliza kama mwanafunzi mwema, na zamu yake ilipofika alikosea yote. Alilitupa gunia begani, akampa jua mgongo, akambania Melvin mkono asiuachie.

“Wewe umenipa unga,” akasema. “Sasa tutaitana nani?”

Melvin alikuwa amewagawia watu unga kutoka Turkana mpaka Garissa, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Alitazama karatasi zake, hakukuwa na nafasi ya jibu. Akasema jina lake ni Melvin. Lemein akamwambia kwamba hilo analijua, na ndilo wanaloacha leo.

“Paunga,” Nabintu akasema kutoka kwenye kivuli.

Foleni yote ikacheka, wazee wakalijaribu neno mdomoni, likawa zuri. Kila aliyefuata alipokea gunia lake, akampa Melvin mkono, akamwita Paunga, na kumngoja mpaka naye aitikie vilevile. Ugawaji ambao ungeisha saa sita uliendelea hadi jioni. Mwololo alilalamika sana. Melvin aliporudi ofisini sauti ilikuwa imemkauka, na wenzake walimwona ametulia kwa namna ambayo hawakuizoea.

Njiani kurudi Lemein alilibeba gunia mwenyewe. Walipofika karibu na ploti alilishusha gunia, akalibadilisha bega.

“Ni nzito kuliko nilivyofikiri,” akasema.

“Njo vile,” Nabintu akasema kwa Kiswahili cha Kongo. “Kesho itakuwa nyepesi kidogo.”

Mvua ilinyesha kwanza Kajiado, kisha Bisil, na habari zikafika Kitengela kabla ya mawingu. Lemein alifunga shuka alfajiri. Alitaka kuondoka na yule kondoo jike na mwanawe pia, kwa nia njema, akieleza kwamba nyasi za kwao zikiota hakuna ploti ya mjini inayoweza kushindana nazo. Mama yake Nabintu alikataa. Aliikamata kamba, akamweleza kwa Kimashi sababu zake zote, na Lemein akamjibu kwa Kimaasai, kwa adabu, akimwita Kokoo, yaani bibi, na kila mmoja alingoja mwenzake amalize ndipo aanze. Hawakuelewana neno, ila mwishowe walikubaliana: dume aende akapate kundi, jike abaki.

Nabintu aliwasindikiza hadi lami, na chupa ya chai. Ng'ombe walivuka, wakashika njia ya udongo inayokwenda sambamba na barabara ya Namanga. Yule dume alilia akigeuka nyuma, akasukumwa na goti la Lemein, akaendelea. Nabintu alisimama mpaka vumbi lao lilipochanganyika na la malori, kisha akarudi haraka, kwa sababu Waceke alikuwa amemwambia kuna bibi harusi anakuja asubuhi hiyo kupimwa nguo, na mabibi harusi hawapendi kungoja.